Baba, Ule Haukuwa Ugali wa Soya

Baba,

Ni mimi Subilaga, mke wa mwanao Ambakisye. Leo nakuita Baba bila mtu kati yetu. Miaka kumi na minne tuliishi ua mmoja hapa Ngonga na sikuwahi hata kukusalimia. Nilifundwa kwetu Ngana kwamba mkwe hamsemeshi baba wa mume wake wala hamtazami usoni, basi mimi, ambaye mdomo wangu unajulikana soko zima, nikawa bubu kwako peke yako. Ulikuwa unaanza kukohoa kule kwenye migomba ili nipate nafasi ya kuingia jikoni. Siku nyingine nilichelewa, nikageukia ukuta na kanga kichwani, nawe ukapita mbio ukiangalia chini kama mtu aliyeiba kuku. Baadaye nilicheka peke yangu. Nadhani na wewe ulicheka.

Mama alipotangulia, kazi ya kukupikia iliniangukia mimi. Daktari alikuwa ameshasema sukari imepanda: wali basi, ndizi basi, chai ya sukari basi. Mzee wa Kyela kuambiwa asile wali, jamani. Ulilima mpunga, ukavuna, na siku ya kupika mchele mpya nyumba nzima ikawa inanukia, wewe umekaa barazani na bakuli la dagaa wa usipa na majani ya maboga. Nilichungulia dirishani nikakuona unahamisha kiti, unaikimbia ile harufu. Roho iliniuma sana siku ile.

Kilichotusaidia ni soya. Mama Zainabu, yule mfanyabiashara wa Kasumulu mwenye ndugu zake Karonga, ng'ambo ya mpaka, alikuwa anavusha unga wake pamoja na sabuni, na vile vidonge vidogo vya kutia utamu kwenye chai. Miaka ile ya shida madukani kulikuwa kutupu, kwa hiyo hata wazima walimgombania huo unga. Nilikusongea ugali wake na kiganja kimoja tu cha dona, ukawa unamegukameguka mkononi, lakini ulikula. Binti yako Tusekile, aliyerudi nyumbani ndoa ilipomshinda, alikuletea sahani, kisha akanirudishia tupu na neno lako lilelile: "Baba anasema ndaga." Shukrani yako ilinifikia kila siku kwa mdomo wa mtu mwingine. Ukapata nguvu, ukarudi shambani, na kanisani kina mama wakanisifu kwamba mkwe ndiye huyu. Sifa zile nilizipenda, Baba. Sikufichi.

Halafu ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa. Sukari ikaingia kwa magunia, ngano ikaingia, soda na biskuti mpaka kwenye vibanda vya njiani. Tulifurahi, na mimi nikiwa wa kwanza. Ila unga wako ukapotea. Nilimfuata Mama Zainabu mpaka Kasumulu akaniambia, "Mama, nani anataka tena chakula cha shida? Kilinidodea mpaka kikaingia wadudu." Vidonge navyo hakuleta tena. Pale Kyela mjini niliingia duka moja baada ya jingine, na kijana mmoja akanielekeza wanakouza chakula cha kuku.

Hapo ndipo nilipokukosea.

Nilichukua sembe, ambayo kwa mgonjwa wa sukari ni sawa na wali, nikaikaanga kwenye sufuria kavu mpaka ikabadilika rangi, nikaichanganya na unga wa maharage kidogo, nikasonga. Tusekile nikamwambia ni soya. Nilijiambia ni wiki moja tu, Mama Zainabu akivuka tena nitapata. Wiki ikawa miezi mitano. Wewe nisingeweza kukuambia, lakini mume wangu ningemwambia, Tusekile ningemwambia. Niliona haya. Nilikuwa mkwe wa kusifiwa, nikaogopa kuonekana nimeshindwa. Na sahani zilikuwa zinarudi tupu, tena na ndaga yake, nikasema moyoni, si anakula vizuri.

Kisha kikaja kile kidonda cha mguu kisichokauka, na kiu ile, Tusekile anajaza mtungi asubuhi na mchana hauna kitu. Siku ya kukuaga nilikutazama usoni bila kujificha. Nikaona pua ni ya mume wangu na paji la uso ni lake. Nililia mpaka watu wakashangaa, mkwe gani huyu analia hivi.

Huu ni mwaka wa tatu, Baba. Siku hizi harusi bila makreti ya soda si harusi. Soya watoto hawaijui hata kwa jina. Na mwezi uliopita Ambakisye alipimwa. Sukari. Anakunywa maji kama ulivyokuwa unakunywa wewe.

Wiki iliyopita nilikuwa napepeta mchele na Tusekile, nikashindwa kuendelea. Nikamweleza yote, sembe, maharage, yote. Akaweka ungo chini akasema, "Wifi, Baba alijua tangu siku ya pili." Anasema ulimega tonge, likashikana, ukaligeuzageuza, ukacheka kidogo. Alipotaka kuja kuniuliza ukamkataza. Ulisema, "Muache. Akisikia nimejua, aibu itamrudisha kwao Ngana." Ukala. Ukala siku zote zile.

Nimekukasirikia, Baba. Nimekukasirikia mpaka sikulala. Kwa nini hukuisukuma ile sahani? Ungeirudisha mara moja tu, imejaa, ningeelewa. Ningevuka mto Songwe kwa miguu yangu. Mimi nilificha kwa kulinda jina langu, na wewe ukanyamaza kwa kulinda jina langu hilohilo. Jina gani hili la mtu kufa kwa ajili yake? Sijui kama ni sembe ile iliyokuondoa. Daktari anasema ugonjwa wenyewe ni mbaya. Lakini mikono iliyokupikia naijua.

Mwanao bado hajui. Shangazi yangu ameniletea mbegu za soya kutoka ng'ambo, debe zima, na anauliza mimi na soya tumekuwaje. Nimezipanda nyuma ya jiko kadiri eneo lilivyotosha, zimeanza kuchipua. Leo Ambakisye akirudi kutoka kwenye majaruba ya mpunga, kabla sijamtengea chakula, nitakaa mbele yake nimwambie nilichokulisha. Tusekile amenisihi niache yaliyopita. Siachi. Mtu akikaa kula nilichopika, ajue anakula nini.

Pumzika, Baba. Nisamehe, na mimi nakusamehe kunyamaza kwako. Mwanao nitamtunza. Hata akinirudisha Ngana leo hii, unga wake wa soya nitakuwa namtumia kutoka hukohuko.

Mkweo,
Subilaga