Mti Mbichi wa Baba Mkwe

Jumapili, Musoma. Upepo wa ziwa unavuma tangu asubuhi, na mawingu yamekaa tu juu ya mji, hayanyeshi wala hayaondoki. Nimetoka kanisani, nimevua viatu, nimejilaza na nguo zile zile. Sitaki kuongea na mtu. Ndiyo maana naandika.

Jana tumefungwa Bunda. Timu yetu ya pool ya wanawake, ambayo mimi ndiye nahodha wake, haiendi tena Mwanza kwenye fainali. Na sababu ni kipande cha mti.

Ngoja nianzie mwanzo. Nikianzia mwisho nitalia.

Fimbo yangu ni ya vipande viwili vinavyofungwa kwa skrubu katikati. Cha nyuma, kile kinene, ni kizima mpaka leo. Cha mbele, chembamba, kile kinachogonga mpira, ndicho kilichopasuka mwezi uliopita. Watu wanafikiriaga pool ni jicho na mkono tu. Ni mti, jamani! Mti ukipinda hata kidogo, unalenga huku mpira unaenda kule, na wewe unabaki kujilaumu bure.

Nilizunguka sana. Pale Mukendo, jirani na ninaposhonea sare za shule, kuna duka la vifaa vya michezo. Nilizitoa fimbo zote nikawa nazibingirisha juu ya kioo cha kaunta. Iliyonyooka inabingirika kimya, iliyopinda inadundadunda. Kisha nikaangalia mistari ya mti. Nataka mistari ikimbie toka mwanzo hadi mwisho bila kukatizia pembeni, maana inapokatizia ndipo mti huvunjikia. Nyingi zilikuwa zimepakwa rangi nzito makusudi, usione kitu. Nikaomba kukwangua kidogo kwa ukucha.

"Dada," muuzaji akaniuliza, "unanunua fimbo au unachumbia?"

Nilicheka. Siku zile nilikuwa bado nacheka.

Sikupata inayofaa, nikaenda Kiabakari kwa fundi anayekereza miguu ya vitanda. Akasema kazi ataiweza, ila mbao alizokuwa nazo zote ni mbichi. "Leta mti mkavu, dada. Mkavu kabisa. Huu wa kwangu nitakukerezea leo, wiki ijayo unao upinde." Nikamweleza mume wangu, Magesa. Magesa akampigia baba yake kijijini, kule Buswahili.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Baba mkwe ni mkulima, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Nilipoolewa alimwambia Magesa, mimi niko jikoni nasikia, kwamba mwanamke anayeinamia meza mbele ya wanaume hatakaa nyumbani. Tangu siku hiyo nikifika kwake habari za pool naziacha barabarani. Napika, nachota maji, naitikia. Binti yetu Neema ameshaanza shule, na bado sijawahi kukaa na babu yake tukaongea jambo zaidi ya salamu na mvua.

Halafu mzee akapiga simu. "Njooni. Mti nimepata."

Tulimkuta uani, shati limelowa jasho. Alikuwa ameangusha mgrivea wa nyuma ya nyumba, ule aliokuwa ametundika mzinga wa nyuki. Mzinga aliuhamisha mwenyewe, na jicho moja lilikuwa limevimba. Akanipa kipande alichokwisha kukichonga, kimenyooka vizuri.

"Mama Neema, hebu angalia. Unafaa?"

Nikakishika. Kilikuwa cha baridi, kizito, na kiganja changu kikalowa. Kilinukia majani. Mti ulikuwa umesimama shambani juzi tu.

Mawifi zangu walikuwa mlangoni wanatazama. Magesa akanigusa kiwiko. Na yule mzee na jicho lake lililovimba, anasubiri jibu langu kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Unafaa sana, baba. Asante."

Nikajiambia nitauweka ndani kwa heshima, kisha nitaazima fimbo ya mtu. Hata sijamaliza kuwaza, akasema, "Nitakuja Bunda kuangalia."

Bunda tunachezea baa. Mzee wa kanisa!

Fundi wa Kiabakari alinigombeza kama mtoto. Alipouweka kwenye mashine, unyevu ulimrukia usoni. "Mimi nilikwambiaje?" Nikamwomba akereze tu. Ulitoka mzuri, mweupe, laini, ukaingia kwenye skrubu sawasawa. Baada ya siku chache nikaubingirisha juu ya meza ya cherehani. Ukadunda.

Nikamwita Magesa aone. Akakuna kichwa. "Vumilia mechi hiyo moja. Usimwaibishe mzee."

Mechi hiyo moja! Kama vile nilikuwa na nyingine.

Jana mzee alifika kabla yetu. Amevaa koti, kofia ameipakata, ameagiza soda, amekaa kiti cha mbele kabisa. Timu mbili zikaenda sare mpaka ikabaki mechi yangu ya kuamua. Nikafunga kipande chake mbele yake. Akatingisha kichwa, ameridhika.

Sitaki kueleza kila mpira. Nilikosa mipira ambayo hata anayejifunza haikosi. Nilijaribu kulenga pembeni kidogo kufidia ule upinde, lakini fimbo ikizunguka mkononi upinde nao unahama. Mpinzani wangu, dada mmoja mpole wa pale pale Bunda, akaanza kuniangalia kwa huruma. Huruma ile iliniuma kuliko kelele za watu.

Rhobi, rafiki yangu tunayecheza naye timu moja, akanisogelea. "Nahodha, chukua fimbo ya ukutani."

"Mzee anaangalia."

"Na sisi? Sisi hatuangalii?"

Nikachelewa tena. Nikapiga mwingine, nao nikakosa. Ndipo nikaenda nikapiga goti kando ya kiti cha baba mkwe.

"Baba, nisamehe. Mti ulikuwa mbichi. Umepinda."

Akaichukua fimbo, akafumba jicho moja, akaitazama kwa urefu wake.

"Kweli umepinda," akasema. "Mbona nilikuuliza?"

"Uliniuliza, baba."

"Magesa aliniambia unataka mti mzuri. Hakuniambia mkavu. Mkavu ninao darini, mninga, tangu nilipojenga nyumba."

Niligeuka kumtafuta Magesa. Alikuwa anasoma bei za vinywaji ukutani.

"Badilisha," mzee akaniambia.

Nikabadilisha. Fimbo ya ukutani ilikuwa nzito na ncha yake imelika, lakini ilikuwa imenyooka. Nikaanza kutumbukiza, mmoja baada ya mwingine, watu wakaanza kupiga makofi. Nikafika mpaka mpira mweusi. Ukaenda, ukasimama mdomoni mwa shimo, ukakataa kuingia. Yule dada, naye alikuwa amebakiza huo mweusi tu, akausukuma taratibu. Basi.

Rhobi alikuwa anakunja jezi yake. Hakuniangalia. "Umetufungisha kwa adabu," akasema, akatoka.

Ni kweli. Wenzangu wamejifua miezi, mmoja ameomba ruhusa kazini, mwingine amemwachia mama yake mtoto mchanga, halafu mimi nikaona aibu kumwambia mtu mmoja neno moja: mbichi.

Nina hasira na Magesa. Nina hasira na mawifi kwa kusimama pale mlangoni. Lakini zaidi nina hasira na mimi, na si kwa sababu ya mechi.

Tulipokuwa nje tunasubiri gari la kumrudisha Buswahili, mzee alinivuta pembeni. Nilijiandaa kusemwa. Hakunisema. Alizungusha kofia yake mkononi, akaniuliza polepole, kama mtu anayeuliza njia mahali pageni:

"Mama Neema, mbona unaniogopa hivyo?"

Nikainamisha macho. Na mdomo wangu huu, baada ya yote yaliyotupata, ukasema, "Hapana, baba. Sikuogopi."

Akanitazama kidogo. Akavaa kofia, akapanda gari.

Usiku wa jana sikulala vizuri, na si kwa ajili ya mpira mweusi. Alikuwa amenifungulia mlango, nami nikaufunga kwa uongo ule ule.

Kesho kabla sijakaa kwenye cherehani nitampigia mwenyewe, bila kumtuma Magesa. Nitamwambia, ndiyo, baba, nakuogopa, tena sana. Sijui atasema nini. Nitanyamaza nimsikilize.