Kesho Binti Yako Atamjibu Mkaguzi

Ghorofa ya Tatu,
Mkabala na Kituo cha Mabasi.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wote mliomo humo ndani. Shemeji anaendeleaje na ule mgongo? Na wewe, umekubali kuvaa miwani au bado unaona haya? Mimi sijambo. Magoti yananitoza ushuru kila nikipanda ngazi, lakini vitabu bado nasoma. Nimekaa huku miaka mingi, na siku nyingine bado naamka nikitafuta dirisha upande lilikokuwa nyumbani kwetu.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize sentensi, na juzi ulinikatia kabisa. Sasa tulia, kaka yako aseme.

Binti yako ni mzima wa mwili. Ila chakula hakimpiti, na yule Chiriku wetu aliyekuwa hafungi mdomo tangu utotoni sasa anajibu kwa kutikisa kichwa.

Duka anamofanya kazi unalijua kwa sifa: kila kitu rahisi. Hata soksi nilizovaa ninapoandika zimetoka humo, kwa hiyo sijitoi. Lakini urahisi ule una mahali unapotoka. Duka pana kama uwanja wa mpira huendeshwa na watu wawili kwa zamu. Anayepokea malipo ndiye huyohuyo anayepanga rafu, anayefagia na anayeshusha mzigo. Lori huleta bidhaa nyingi kuliko stoo inavyoweza kumeza, basi maboksi hurundikwa popote penye nafasi. Nafasi iliyobaki ni mbele ya mlango wa nyuma, ule wa kukimbilia ikitokea hatari.

Wiki iliyopita nyaya za friji zilianza kufuka moshi. Wateja walitoka kwa mlango wa mbele. Mwenzake Chiriku wa zamu, mama mtu mzima wanayemwita Mama Chenji, alikuwa stoo. Akakimbilia mlango wa nyuma, akakuta ukuta wa maboksi ya sabuni. Alipojaribu kuyavuta apate upenyo, yakamwangukia. Moto wenyewe haukuwaka, lakini nyonga yake imevunjika.

Mkaguzi wa kazi anakuja kesho. Meneja wao, ambaye wafanyakazi wanamwita Bwana Punguzo, anataka Chiriku amwambie mkaguzi kwamba Mama Chenji ndiye aliyeziba mlango kwa uzembe wake. Likikubaliwa hilo, kampuni haitamtibu wala haitamrudisha kazini. Aliyepanga maboksi yale ni binti yako, kwa amri ya meneja huyohuyo, ingawa binti alimweleza kwamba mlango utazibika. "Wewe panga tu, mlango wenyewe huo nani anapita?" Ndivyo alivyojibiwa. Akilisema hilo, atafukuzwa, na huenda kosa likaangushiwa yeye. Akinyamaza, atapandishwa cheo kuwa msimamizi.

Ijumaa Bwana Punguzo alikuja hapa nyumbani na mfuko wa bidhaa zake. Ni kijana mwenye adabu, amekonda, simu haimpi nafasi ya kupumua. Nadhani naye ana bwana wake anayemkaba koo.

"Mzee wangu, binti huyu atafika mbali. Mshauri tu."

"Nimshauri nini?"

"Asijiingize kwenye mambo ya watu wazima."

"Mwanangu, watu wazima wenyewe hao mmoja amelala hospitali. Na sabuni tunayo, rudi na mfuko wako."

Nikamsikia Chiriku akicheka jikoni, mara ya kwanza tangu siku ile. Kisha kicheko kikageuka kilio.

Najua wewe umemwambia anyamaze, na najua kwa nini. Wadogo zake wanasoma kwa jasho lake, na tangu kiwanda chenu kifungwe hakuna mlango ambao hujabisha. Sikulaumu hata kidogo. Lakini jana alirudi kutoka hospitali kumtazama mgonjwa, akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu bila kuvua viatu.

"Baba Mkubwa," akaniambia, "Mama Chenji ameniuliza kama nimekula. Basi. Hakuniuliza kingine."

Hapo nikajua ameshaamua, ingawa mwenyewe alikuwa bado anajibishana na nafsi yake. Leo asubuhi amenitamkia.

Kesho atasema. Nitamsindikiza nikae nje ya ofisi ya meneja, hata wakinifukuza. Barua hii itakukuta yamekwisha, kwa hiyo sikuombi ruhusa. Nakuomba umpigie mara tu ukimaliza kusoma. Usianze na habari za kazi. Msalimie kwanza, umuulize kalalaje. Hasira yako anaiogopa kuliko anavyomwogopa meneja, na kila siku utakayokaa kimya ataihesabu kuwa umemkana.

Nisalimie sana shemeji, wale pacha, na shangazi yetu. Mwambie sauti yake ya kugombeza naikumbuka hata usingizini. Mola akupe kifua kipana, awatunze wote waliomo chini ya paa lako.

Ni mimi nduguyo, nikupendaye na ninayempenda binti yako kama wangu,

Kaka yako.