Dawa ya Damu Nzito

Kwako mshauri wetu, Bi Safinaz,

Kuna jambo nimemficha mke wangu tangu siku ya posa yetu hapa Shubra: mimi hucheka. Utasema mzee huyu amechanganyikiwa, lakini nivumilie, moyo wangu umechoka na daktari hakunificha kitu, nami sitaki kuondoka na siri hii. Nilisomesha saikolojia chuo kikuu mpaka nikastaafu, nikawaeleza wanafunzi kwamba hisia haikai usoni peke yake, imo pia katika mapigo ya moyo, katika jasho la viganja na katika maana tunayoyapa mambo, na kwamba huzuni au furaha ya leo si haiba ya mtu, haiba ni yale yanayojirudia miaka nenda miaka rudi, kisha nikifika nyumbani navaa uso wa jiwe mbele ya Bahiga, mwanamke mcheshi ambaye majirani wanasema ana damu nyepesi kuliko wote mtaani, na hao hao wanamhurumia kwa kuolewa na mwenye damu nzito asiyechekeshwa na lolote.

Ilianza hivi: siku ya posa alitoa mzaha mbele ya wazee, wote wakacheka isipokuwa mimi, naye akaninyooshea kidole, "Wallahi sitanyamaza mpaka ucheke!" Nami, mtu wa vitabu, nikalishika hilo neno "mpaka", nikaona siku nitakayocheka ndiyo siku atakayonyamaza. Tangu hapo kila chai ya jioni ina mzaha wake, nami huinuka kwa heshima zangu, naingia bafuni, nafungua bomba, nacheka huku nimeshika ukuta nisianguke.

Majuzi daktari aliniandikia dawa ya kuifanya damu iwe nyepesi. Bahiga akadakia, "Daktari, mwongezee dozi, ya huyu ni nzito tangu posa!" Daktari nusura aanguke kitini, mimi nikauma ulimi. Bahiga akanitazama, uso ukamshuka. Njiani akasema taratibu, "Basi, Wagdi, nimeshindwa. Umeishi nami bila furaha." Sasa tunakunywa chai kimya. Nikimwambia, atajiona amefanywa mjinga maisha yote. Nisipomwambia, atanizika akiamini hakunifurahisha hata siku moja. Nifanyeje?

Mzee Wagdi

*

Ustadhi Wagdi,

Barua yako imenichekesha mpaka wenzangu ofisini wakaja kuchungulia, halafu ikanikasirisha. Umewasomesha watoto wa watu kwamba hisia haikai usoni tu, kisha mkeo ukamwachia uso tu ausome! Angejuaje yaliyomo bafuni? Pole kwa moyo wako, lakini na wa kwake unaumia, na dawa yake unayo wewe.

Eti ukicheka atanyamaza! Bahiga anachekesha kwa sababu ndivyo alivyo, si kwa sababu ya kiapo. Si hiyo ndiyo haiba uliyokuwa ukiifundisha? Tena ona, kilichomnyamazisha ni kule kutocheka kwako.

Leo jioni bafuni usiende. Weka glasi ya chai chini usije ukaungua, mwombe aurudie ule mzaha wa kwa daktari, ucheke mbele yake. Akikurushia ndala, zipokee, umezistahili. Na kuna kitu umekiruka: hukutuambia kwa nini hukucheka siku ya posa, kabla ya kiapo chochote. Hilo nalo mwambie yeye, usiende nalo kaburini.

Safinaz

*

Bi Safinaz,

Nimecheka, nikamweleza na ya bafuni. Ndala zilikuja zote mbili. Bahiga alilia, kisha akacheka kuliko mimi, akasema, "Kumbe maji ya mtaa huu unayamaliza wewe!" Hakunyamaza, mizaha ilifuatana mpaka mkate ukapoa mezani. Nilipopata pumzi akaniuliza lile swali lako: "Na siku ya posa, bwana, ulijizuia kwa nini?"

Nikamwambia kweli. Sikujizuia. Ule mzaha sikuuelewa, na mpaka leo sijauelewa.