Katabaro kwenye Kalenda

Jumatatu, 3 Agosti 1992

Kahawa haitaki kukauka. Nimeianika, nimeianua, nimeianika tena. Mvua yenyewe haikunyesha. Mgongo umekufa. Kesho sokoni Murongo na vitenge, magoti yakikubali.

Mchana nilipita ukumbi wa parokia. Maandalizi ya jubilei. Sista Brigita amerudi kutoka kwao Ulaya na picha za kale, nakala alizopewa kwenye nyumba ya kumbukumbu ya shirika lao. Enzi za Mjerumani. Nyingi zilikuwa postikadi. Kumbe wazungu walikuwa wanatumiana sura zetu kwa posta. Salamu kutoka Karagwe, na mama wa watu amebeba kibuyu, jina lake hakuna aliyeliuliza.

Ukuta wa mwisho, karibu na dirisha. Kijana amesimama, mikono ameikunja kifuani, mkuki mfupi kwapani. Kabla sijasoma nilishajua. Lile paji la uso ninalo mimi, analo kaka Deo, wanalo wajukuu. Chini, kwa mwandiko wa Mwalimu Felisiani: "Katabaro, mtumwa wa mfalme."

Baba. Alifariki bila kuacha hata picha moja. Nilifurahi nikataka kupiga kigelegele, na papo hapo nikatamani ardhi ipasuke. Eustakia wa sokoni alikuwa nyuma yangu. Akasoma kwa sauti, neno kwa neno. Siku nyingine huwa hajui kusoma.

Jumanne, 4 Agosti

Murongo. Maneno yalifika kabla yangu. Eustakia meza yake iko ubavuni mwa yangu, naye anauza vitenge. Nilipofungua mzigo: "Jamani mpisheni binti wa mtumwa, kachelewa kufagia kwa bwana wake." Watu walicheka. Hata dereva wa baiskeli kutoka ng'ambo ya mpaka, asiyetujua. Nikacheka nao. Kisha nikakata kitenge cha mteja upogo.

Kuna baya zaidi. Mwalimu Felisiani, mwenyekiti wa jubilei, ameichagua picha hiyo iwe kwenye kalenda ya parokia. Eti ndiyo iliyotoka vizuri kuliko zote. Jumamosi inapelekwa Bukoba kupigwa chapa. Kila nyumba, Kamuli, Isingiro, mpaka huku mpakani, mwaka mzima, Baba ukutani na neno lile chini ya miguu yake.

Nina hasira. Nimekula ndizi kidogo tu nikaacha.

Jumatano, 5 Agosti

Kaka Deo alikuja. Amekwisha kwenda kwa Mwalimu peke yake, akaomba picha iondolewe. Mwalimu kakubali, kwa huruma. Deo alitegemea nishukuru.

Nilikataa. Tukiitoa, watu watasema tumeificha kwa kuwa ni kweli. Na mimi bado sijamaliza kumtazama Baba.

Deo akasimama: "Verdiana, unataka kututembeza uchi mbele ya Askofu?" Akaondoka, rubisi yake, pombe ya ndizi niliyoikamua mwenyewe, hakuigusa. Kaka yangu kukataa rubisi, hilo sijaliona tangu nizaliwe.

Lakini nina nini mkononi? Mama alikuwa anasema Baba alikuwa mtu wa kwa Mukama, wa ikulu ya mfalme. Alifanya kazi gani huko, hatukuambiwa, wala hatukuuliza. Huenda mzungu aliyepiga picha aliandika kweli. Hilo nimeliandika hapa tu. Kinywani halitoki.

Alhamisi, 6 Agosti

Hakuna kitu. Nimegombana na mbuzi.

Ijumaa, 7 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Jioni tulisali jumuiya kwa jirani. Rozari, halafu litania, kwa Kihaya, kama tulivyofundishwa utotoni. Akili yangu ilikuwa Bukoba kwenye mitambo ya chapa. Mdomo unajibu tu, tuombee, tuombee. Tukafika kwenye mitume. Entumwa.

Nimelitamka neno hilo tangu sijaota meno ya utu uzima. Leo nimelisikia. Entumwa! Waliotumwa! Kihaya ni hivyo, Kinyambo chetu ni hivyo. Mtu akitumwa na mkubwa wake kupeleka neno, huyo ni entumwa. Petro ni entumwa. Nani atasema Petro alikuwa mtumwa wa kununuliwa?

Niliondoka kabla ya Amina. Nilikwenda mbio, mimi na magoti haya.

Sista Brigita alikuwa anakula. Nilimwomba ile nakala nzima, isiyokatwa chini kama ile ya ukumbini iliyoingizwa kwenye fremu. Akaileta. Maandishi ya chapa, madogo: Katabaro. Halafu neno moja. Halafu Kijerumani. Sista akanieleza kwamba Kijerumani kinasema mtumwa wa mfalme, ndicho alichomtafsiria Mwalimu. Lile neno la katikati alidhani ni Kiswahili kilekile, kimekosewa herufi.

Nikaweka kidole. "Sista, hii si M. Ni N."

Ntumwa.

Baba aliulizwa wewe ni nani, akajibu kwa lugha yake. Mkalimani bila shaka alikuwa mtu wa pwani, Kinyambo hakijui, akasikia Kiswahili chake. Mzungu akaandika alichosikia, akabandika maana aliyopewa. Ile E ya mbele ilimpita. Ile N hakuweza kuila! Imekaa hapo miaka yote, kwenye kabati la Ulaya, inamsubiri mtu wa kuisoma.

Sista alishika mdomo. Kisha akaniuliza kama nimekula. Nilikula chakula chake chote.

Jumamosi, 8 Agosti

Alfajiri nilikuwa mlangoni kwa Mwalimu. Shikamoo sikumaliza, nikamwonyesha. Mwalimu ni mtu wa Muleba, Mhaya wa kuzaliwa, litania hiyo anaiongoza mwenyewe. Akaitazama. "Mawe, mama wee! Nami nasali hivi kila siku!" Akacheka mpaka akakaa chini kizingitini. Nilimpenda kwa hilo. Mwingine angebisha.

Akaita kamati, akamwita na Deo. Nilisema yangu nikiwa nimesimama. Nikawauliza pia: mtumwa gani alipewa kushika mkuki mbele ya mgeni wa mfalme? Picha ikarudi kwenye kalenda.

Sasa iandikweje? Hapo ndipo vita vilipoanza. Mwalimu akapendekeza "Mtume wa mfalme". Katekista akaruka: mtume ni wa Bwana Yesu, watu watadhani tunamtangaza Katabaro kuwa mtakatifu, na mapombe yote yale aliyokunywa! Mwingine akasema "Mjumbe". Ukumbi mzima ukacheka, mjumbe ni yule wa nyumba kumi anayekuja kutuhesabia mbuzi. Gari la Bukoba linapiga honi nje.

Na hapo aliyesema ni Deo. Deo aliyekuwa amekaa pembeni na kofia yake magotini. "Andikeni alivyojibu mwenyewe."

Ikaandikwa: "Katabaro, Ntumwa." Na chini yake kwa Kiswahili: "Aliyetumwa na mfalme." Mwalimu aliandika, mimi nikakagua herufi. N niliikagua mara tatu.

Nimeshinda. Naandika tena kwa kuwa linapendeza. Nimeshinda.

Jumapili, 18 Oktoba

Jubilei. Askofu, ngoma, wali, watoto wamejisahau kwenye matope na nguo nyeupe.

Kalenda zimefika. Picha ya Baba ni kubwa, iko juu kabisa, rangi ya chai ya maziwa. Askofu alisoma jina lake kwenye kipaza sauti, akaeleza N na M, watu wakashangilia kama goli limeingia. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakatika. Sina haya. Deo alikwenda mbele kupokea kalenda ya kwanza, akatembea polepole makusudi ili kila mtu amwone.

Eustakia alikuja kwangu, mikono nyuma. Akasema tangu leo nimekuwa binti wa mtume, nimwombee kahawa yake izae. Hiyo ndiyo samahani yake, nyingine hana. Nikamwambia nitamwombea, ila vitenge atafute Murongo nyingine. Tukacheka mpaka tukashikana. Amechukua kalenda mbili.

Leo nimefurahi kuliko siku ya harusi yangu. Mume wangu, pumzika kwa amani, ni kweli.

Jumatatu, 19 Oktoba

Nyumba imetulia. Wageni wamekwenda. Nimepigilia msumari juu ya kabati la vyombo, nikamtundika.

Nilitaka kumwamkia. Nikasita. Kijana huyu hajaota ndevu sawasawa. Ni mdogo kuliko kitinda mimba wangu. Ningekutana naye njiani yeye ndiye angeniamkia, nami ningemjibu marahaba mwanangu, unatumwa wapi jua kali hivi?

Nikamsogelea. Ana vumbi miguuni.

Shikamoo, Baba.