Barua Niliyokuficha Ulipokuwa Edani

Mpendwa shangazi,

Shikamoo. Najua umeshaitikia, kwa sababu hujawahi kuninyima marahaba hata siku nilizostahili fimbo. Soma mpaka mwisho kwanza, ndipo uamue kama utaichukua tena marahaba yako. Macho yakikusumbua, mpe mwanao Mwanaidi akusomee kwa sauti, na kila aliyemo ndani asikie. Nililolifanya nililifanya kimyakimya, na ukimya huo umemuumiza asiyehusika.

Unakumbuka tulivyokijenga kile chumba cha uani kwangu Kikwajuni? Nyumba mliyokuwa mkikodi mwenyewe aliitaka, nami nikasema hamwendi popote, uani kwa marehemu kaka yako kuna nafasi. Chumba kimoja, jiko na choo, na mlango wake wa kichochoroni. Mumeo, Mzee Haji, alikuwa akichanganya saruji huku akinicheka kwamba mimi ni fundi wa kuamrisha tu. Wewe ukatuletea mkate wa kumimina ungali moto, ukatukataza kuugusa mpaka tunawe mikono. Siku hiyo Mzee Haji aliniuliza, "Kibali tayari?" Nikamjibu, "Tayari, baba."

Hakikuwa tayari. Nilichokuwa nacho ni neno la sheha, mkubwa wa mtaa, tena nusu yake. Nilimkuta barazani anakunywa kahawa, nikamwambia najenga chumba uani. Akasema, "Hapana neno, uani ni kwako, lakini peleka ramani kwanza kwa watu wa vibali." Mimi nikasikia "hapana neno", nikanyanyuka. Ndivyo tulivyo, mkubwa akishatikisa kichwa tunaona mambo yamekwisha. Kumbe inatakiwa ramani, inatakiwa saini ya jirani, na lazima uache nafasi baina ya ukuta wako na mpaka wa kiwanja. Ukuta wetu niliupandisha juu ya mpaka wenyewe, mbele ya dirisha la Bi Time.

Bi Time hakwenda kokote kushtaki. Alikwambia wewe, usoni kwako: "Shoga, ushanizibia upepo." Ukacheka, ukamwambia aje apunge kwako. Tangu siku hiyo akawa anaingia kwa mlango wa kichochoroni, mnakaa mnachambua mchele na kuusengenya mtaa mzima, mimi nikiwemo. Mwezi wa Ramadhani bakuli la futari halikuwa na mwenyewe, leo lake kwako, kesho lako kwake.

Kisha Mzee Haji akafariki, Mungu amrehemu, nawe ukakaa eda mle mle chumbani. Haukupita muda, mchana mmoja akaja bwana wa vibali na mkoba wake. Nilimkuta kichochoroni, akaniuliza mwenye chumba yupo.

"Yupo, lakini yumo edani. Hapana mwanamme anayeingia."

Akarudi nyuma hatua mbili, akatoa pole. "Basi nnakuachia wewe barua hii. Chumba hakina kibali, ana siku thelathini za kujieleza kabla hakijavunjwa. Andikeni tu kwamba kafiwa, ombeni muda, mtasikilizwa."

Nikatia saini nimeipokea. Ukaniuliza kwa ndani, "Nani huyo?" Nikakujibu, "Watu wa maji, shangazi."

Watu wa maji! Nilijiambia nakuhifadhi, mjane hasumbuliwi na makaratasi. Nilijiambia watu wa vibali nao wana mama zao, wanajua eda ni miezi minne na siku kumi, watangoja bila ya kuombwa. Ukweli ni kwamba niliogopa. Ungelijua kuwa nilimdanganya mumeo, na kwamba alikata roho ndani ya chumba kisichokuwa na kibali huku akiamini anacho. Mstari mmoja wa maandishi ungetosha kukuombea muda. Sikuuandika. Barua ikakaa juu ya kabati langu mpaka siku zake zikaisha.

Walipokuja na nyundo hukuwa umefika hata nusu ya eda. Wanawake wa mtaa wakakuzungushia kanga pande zote ili usionekane na wanaume, wakakutoa hivyo, hatua kwa hatua, mpaka nyumba kubwa. Aliyeshika kanga ya mbele alikuwa Bi Time. Alikuwa akienda kinyumenyume na kuwafokea wale wavunjaji, "Geuzeni nyuso zenu! Hamna mama?" Nao wakageuza.

Ulipokaa ukumbini ukamtazama yeye. "Time, ushafurahi? Upepo wako ushaupata."

Akafungua mdomo. Akaniangalia. Akaufunga. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na godoro lako begani, nikajifanya natafuta pa kuliweka. Neno moja tu lilikuwa linatakiwa kutoka kwangu, shangazi, nami nikatafuta pa kuweka godoro.

Eda ilipokwisha ulihamia Makunduchi kwa Mwanaidi. Bi Time alisimama mlangoni kwake kukuaga, ukampita. Huu ni mwaka wa pili. Ukinipigia simu unaniombea dua, unaniita mwanao mwema, nami naitikia amina. Naona haya kukwambia ni mara ngapi nimeitikia.

Mwezi uliopita nilikwenda kuomba kibali cha kweli, nikujengee upya, mara hii kwa kuacha nafasi ya mpaka. Fomu nikampelekea Bi Time atie saini kama jirani. Akavaa miwani, akaisoma yote, akatia. Kisha akasema, "Nlikuona siku ile unapokea barua. Nlikuwa mlangoni pangu."

Nikamuuliza kwa nini hakunitaja siku ya kuvunjwa.

"Keshampoteza mume. Nimpotezee na mtoto? Nlikungoja useme mwenyewe. Nnangoja mpaka leo."

Nililia mbele yake kama mtoto, akaniachia nilie, hakunibembeleza.

Kibali kimetoka, na ukikitaka chumba nitakijenga. Lakini sikukuandikia kwa ajili ya chumba. Niliyekuvunjia nyumba ni mimi. Niliyekutoa edani ni mimi. Niliyekukosanisha na sahibu yako ni mimi, na hili la mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha, na walioumbuka ni nyinyi wawili.

Niwie radhi, shangazi, siku yoyote utakayoweza. Nabusu mkono wako, ukikubali kunipa.

Jumamosi asubuhi Bi Time anakuja Makunduchi. Hajui kwamba nimekuandikia. Ameniambia amechoka kungoja, na kwa kuwa mmoja wenu lazima aanze, atakuomba msamaha kwa kosa ambalo hakulitenda. Muwahi, shangazi. Mfungulie kabla hajapiga hodi, umwambie unajua. Asilitamke.

Mtoto wa kaka yako,
aliyetia saini ile barua