Nyuzi za Machi za Elitsa

Karlovo, Aprili

Kwako kaka yangu Yavor,

Salamu zangu zikukute umeegesha lori mahali pazuri na umekula kitu cha moto, si mikate ya vituo vya mafuta. Mgongo unaendeleaje? Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima isipokuwa magoti, na bado anabishana na daktari kana kwamba magoti ni ya daktari. Shemeji yako Plamen hajambo. Mpwa wako Elitsa naye hajambo, ila ameshonwa kidevuni, na hiyo ndiyo habari yenyewe. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunikatiza. Isome hadi mwisho. Ukiinuka katikati, na najua utainuka, basi rudi.

Mawaridi yameanza kutoa majani. Kila nikipita shambani nakuona wewe mbele yetu, unachuma mstari huu, unarukia ule, hadi Baba akasema umelizunguka shamba zima bila kujaza hata kikapu. Nakukumbuka ulivyopanda paa la kiwanda cha mikate uwaone makinda ya korongo, na Mama chini akikuita mwana wa shetani huku ametandaza aproni yake eti akudake. Nyumba yetu ilikuwa na kelele kwa sababu yako, kaka. Nazitamani kelele zile mpaka leo.

Elitsa ni wewe mtupu. Soksi ya pili haivaliwi ikaisha. Anaanza kunisimulia habari za paka, zinaishia mwezini. Tumefanya kila tulichoambiwa: ratiba ya picha ukutani, kazi fupi fupi, mafunzo ya wazazi. Vimesaidia kidogo tu. Septemba anaingia darasa la kwanza, na tayari huko chekechea wenzake hawamwaliki kwenye sherehe zao za kuzaliwa.

Daktari Velikova wa Plovdiv alitueleza kwamba tatizo hili la umakini na kutotulia, wenyewe wanaliita ADHD, lina dawa za aina mbili. Ziko za kusisimua, ambazo hufanya kazi siku hiyo hiyo. Kwa kuwa Elitsa analala vibaya na macho yake yanapepesa bila yeye kutaka, aliona afadhali aanze na zile nyingine zisizosisimua, ambazo huingia polepole, wiki baada ya wiki. Hakutuficha kitu: tumbo linaweza kusumbua, hamu ya kula ikapungua, akasinzia mchana, na presha na moyo lazima vipimwe. Tukiona huzuni isiyo ya kawaida yake, tupige simu papo hapo. Tukarudi na karatasi ya dawa, tukaibandika kwenye friji, ikakaa.

Mama akasema mtoto si jiko la umeme, umzime na kumwasha. Plamen akasema haraka haraka haina baraka. Nawe kwenye simu ukacheka, ukasema ulikuwa hivyo hivyo na hukufa. Mimi asubuhi nilikubali, jioni nikakataa. Niliogopa dawa itaniletea mtoto mtulivu nisiyemjua. Mwisho Plamen akasema tungoje korongo. Siku Elitsa atakapomwona wa kwanza na kuvua martenitsa yake, ule uzi wa Machi unaovaliwa mkononi hadi korongo arudi, ndipo tutaamua. Nilifurahi kupewa muda.

Mwaka huu mkono wake mzima ulikuwa mwekundu na mweupe, maana Mama alimsokotea martenitsa kila alipoomba.

Korongo alikuja Jumatano. Alitua kwenye kiota kile kile cha paa la kiwanda cha mikate, mbele ya madirisha ya chekechea. Mwalimu Gergana alinieleza kwamba watoto wote walikimbilia dirishani wakipiga kelele. Elitsa naye akainuka, akaanguka pamoja na kiti chake, kidevu kikagonga ukingo wa meza. Alikuwa ameziunganisha nyuzi zake zote na kuufunga mguu wake kwenye mguu wa kiti. Mwalimu alipouliza nani amemfanyia hivyo, akajibu kwamba ni yeye mwenyewe, kwa sababu mguu hausikii akiuambia utulie. Plamen alifika mbio, akalikata fundo kwa kisu chake cha mfukoni. Hospitali, alipokuwa akishonwa, mtoto hakukililia kidevu. Alilia kwamba wote wamemwona korongo isipokuwa yeye. Mimi na Plamen tuliamua pale pale, tumesimama ukutani.

Sasa linalonifanya niogope kukutazama usoni. Nimevunja ahadi yangu kwako. Unakumbuka nilivyotumwa chaki darasani kwenu, nikakukuta umebaki peke yako wakati wa mapumziko, mwalimu amekufunga kwenye kiti kwa skafu yako nyekundu? Fundo lilikuwa gumu, nikalifungua kwa meno. Ukaniapisha nisimwambie Mama. Kila sikukuu unatuvunja mbavu kwa visa vya shule, lakini hicho hukisimulii. Siku ile hukuwa unacheka, kaka. Suruali yako ilikuwa imelowa.

Nilimwambia Mama Jumatano hiyo, jikoni. Maziwa yalichemka yakamwagika, naye amesimama tu. Kisha akaniuliza kama ulilia. Nikasema ndiyo. Akabandua karatasi kwenye friji, akavaa koti, akaenda mwenyewe duka la dawa kwa magoti yale yale.

Sasa ni wiki ya pili. Tumbo lilimsumbua siku za mwanzo, na mchana anasinzia. Mengine bado hatujayaona. Jana alianza habari za paka zikaishia kwenye treni, nikamshukuru Mungu. Sijui kama tumefanya vema. Najua tu kwamba wewe ulifungwa na mtu mzima, na mwanangu amejifunga mwenyewe, akidhani ndivyo mtoto mzuri anavyokuwa. Tafadhali usimwambie kwamba hukufa. Ukija msimu wa waridi, mwambie ilivyokuwa.

Plamen anakusalimu. Mama anasema utakuta banitsa ya jibini mezani, moto kutoka jikoni, na ukitaka utaila umesimama, hatakugombeza. Elitsa tulimpeleka akamwona korongo, akafunga vipande vya uzi wake kwenye mti wa cheri uliochanua, kama ilivyo desturi. Kimoja alikizuia, akasema ni cha mjomba. Ndicho hicho kilichomo kwenye bahasha. Kifunge kwenye mti wowote wenye maua huko uliko.

Mdogo wako mwenye meno,
Zornitsa