Bango la Bucha

4 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, mgongo tu ndio unanikumbusha umri. Goti lako limetulia?

Mwenye bucha ya ng'ambo ya barabara amepachika bango la Kiingereza. Tangu siku hiyo wateja wangu wanahamia kwake mmoja mmoja, wakinipungia mkono kama wanasafiri. Wewe umefundisha Kiingereza miaka thelathini na moja. Nipe neno la kusema nyama yangu ni laini. Moja tu, ubao wenyewe mdogo.

Mdogo wako,
Bucha

11 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Goti halina neno, ila mimi na ngazi bado hatuelewani.

Neno lako ni "tender". Maana yake laini, isiyosumbua meno. Husemwa pia kwa mtu mpole, mwenye huruma. Lifuatishe na "meat" ili watu waelewe unauza nini. Ila nakuuliza kama dada: nyama yenyewe ni laini kweli?

Dada yako,
Mwalimu

2 Machi

Dada,

Shikamoo. Mwilini sijambo, kichwani sijui.

Mchora mabango aliandika TENDER kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama milango. "Meat" ikakosa pa kukaa. Akasema atatafuta ubao wa pili, akaenda zake. Asubuhi yake, hata kisu sijanoa, wamesimama wanaume watatu wenye tai.

"Mzee, hii tenda ni ya nini?"

Nikasema, "Ya nyama."

"Ya kusambaza au ya kujenga machinjio?"

"Ya kula."

Wakatazamana, wakaandika.

Kufikia Ijumaa walishakuja kumi na saba, kila mmoja na bahasha yake imefungwa kwa gundi. Mmoja aliomba kuona eneo la mradi. Nikamwonyesha jokofu. Akalipima kwa futi! Na wateja wachache waliobaki wanadhani duka linabomolewa, hawaingii. Dada, umenipa neno gani?

Mdogo wako,
Bucha

9 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole. Nimecheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Kisha nikaona aibu. Zamani mwanafunzi wangu mmoja aliandika kwamba "tender" ni maombi ya kupewa kazi, nikamwekea alama ya kosa. Kumbe alikuwa sahihi. Nimefungua kamusi kubwa, nikakuta ni maneno mawili, yote asili yake Kilatini. La kwanza lilimaanisha laini, changa, kama mche uliochipua jana. La pili lilimaanisha kunyoosha, kama unavyonyoosha mkono kumpa mtu kitu. Ndiyo hiyo tenda ya bahasha. Yakapita kwa Wafaransa, huko yakafanana sura, Waingereza wakayapokea kama pacha.

Lile la laini lina maana nyingine pia. Daktari akikubonyeza ukaruka, basi hapo ni "tender": mahali panapouma kuguswa. Nilipoisoma hiyo nilikukumbuka wewe. Tangu wifi yangu afariki, mwaka wa sita huu, jina lake hutaki hata litajwe. Sikuchokozi. Nimelisema tu.

Fungua hizo bahasha, uwajibu watu kwa adabu.

Dada yako,
Mwalimu

16 Machi

Dada,

Shikamoo. Afya njema, hasira nyingi.

Nimefungua zote. Kumi na saba ni za makampuni, zina mihuri. Ya kumi na nane haina muhuri. Nakunakilia:

"Mwenye bucha. Kama hiyo ni tenda, mimi sina kampuni. Kama ni sifa ya nyama yako, umedanganya mchana kweupe. Wagonjwa wangu wameanza kuitafuna Jumatatu, leo Jumatano hawajamaliza. Njoo jikoni hospitalini ujionee. Mpishi Mkuu."

Mimi, mwongo? Kesho naenda, na aproni yangu, watu wote wa hospitali wasikie.

Mdogo wako,
Bucha

4 Mei

Mdogo wangu,

U hali gani? Mimi sina raha. Wiki saba hujaniandikia. Barua yako ya mwisho ilisema unakwenda kugombana jikoni, mahali penye visu. Umelazwa? Umefungwa? Kama umeninunia kwa sababu ya niliyosema kuhusu marehemu, nisamehe. Nijibu hata mstari mmoja.

Dada yako

12 Mei

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo, na nisamehe wewe. Sikununa. Nilikosa pa kuanzia.

Nilifika jikoni nikifoka. Mpishi Mkuu kumbe ni mama. Alichota kipande cha nyama yangu, akakipuliza, akanitia mdomoni katikati ya sentensi. Dada, nilitafuna! Nilitafuna mpaka wahudumu wakaondoka na chakula na kurudi na sahani tupu, mimi bado. Ndipo akasema, "Haya, endelea, ulikuwa unasema?"

Kosa lilikuwa langu. Kumbe miaka yote nakata nyama kwa kufuata nyuzi zake, badala ya kuzikatiza. Akanionyesha. Nikarudi kesho yake kuhakikisha nimeelewa. Na keshokutwa. Kisu changu kikawa hakiishi maswali.

Siku moja aliniuliza, "Mke wako alikuwa mtu wa namna gani?" Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Wote huniambia pole, basi. Nikaanza kumweleza, nikalitaja na jina lake, na supu ikafurika mpaka ikazima jiko, hatukuiona.

Jana nilivaa shati jipya. Nikasimama mlangoni pa jiko.

Akasema, "Umekuja."

"Nimekuja."

"Leo unataka kujua nini?"

"Kama una nafasi ya kuolewa."

Akafunika sufuria, akafuta mikono. "Jumamosi ya mwisho wa mwezi ninayo," akasema, "wagonjwa wakishakula. Lakini lazima uje na mtu wa kukusemea. Kaka zangu watakuuliza maswali, na wewe nimeshakusikia ukijieleza."

Mimi nina wewe tu. Njoo.

Mdogo wako

17 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba mara mia. Nimekata tiketi ya basi la Ijumaa asubuhi. Usije stendi na aproni.

Nimekaa tangu jana nikipanga nitawaambia nini hao kaka zake. Nitawaambia una kichwa kigumu, unakasirika upesi, na kukoroma kwako kunasikika nje. Wasije wakasema baadaye tuliwaficha. Kisha nitawaambia kwamba wifi yangu alipougua, ulimwosha, ukamlisha, ukamchana nywele miaka miwili mizima, na hukumruhusu mtu mwingine yeyote amguse. Hilo nilikuwa sijamwambia mtu.

Dada yako